Taifa Stars kuelekea AFCON 2027: dalili za uwanjani na namna ya kukijua chanzo chake

Tangu 1980 Tanzania imecheza mechi 13 za fainali za AFCON na haijashinda hata moja. Mwaka 2027 fainali zinachezwa nyumbani, kwa uenyeji wa pamoja wa Kenya, Tanzania na Uganda. Safari hii hakuna nafasi ya kukisia. Anayetaka kujua Stars ina nguvu wapi na inavuja wapi hawezi kutegemea matokeo ya mwisho wala orodha ya majina. Inabidi achukue dalili moja moja, aulize inaweza kuwa imesababishwa na nini, kisha atafute kipimo cha kutenga chanzo kimoja na kingine.

Uharaka wake unatokana na kambi. Kwa fainali za Morocco, klabu ziliruhusiwa kubaki na wachezaji hadi 15 Desemba 2025, na mashindano yakaanza tarehe 21. Ondoa siku ya safari, siku ya kupumzisha miguu na siku ya mazoezi mepesi kabla ya mechi. Kocha anabaki na vipindi vitatu au vinne vya maana, ambavyo vinatosha kurekebisha mambo mawili, labda matatu. Ukitibu beki wakati ugonjwa uko kwa mshambuliaji, kambi nzima imekwenda bure.

Vitu vya kukusanya kwanza

Chukua mechi 10 za mwisho za ushindani. Za kirafiki ziweke kwenye karatasi yake, usizichanganye. Kwa kila bao, la kufunga na la kufungwa, andika mambo haya:

1. Dakika.
2. Hali ya mchezo kabla ya bao: sare, tunaongoza, au tuko nyuma, na kwa mabao mangapi.
3. Idadi ya wachezaji uwanjani kwa kila upande.
4. Mpira ulipatikana wapi na kwa njia gani: kona, faulo, mpira wa kurusha, kupokonywa, kaunta, au pasi za kujenga kutoka nyuma.
5. Nani aligusa mpira wa mwisho kabla ya mfungaji, na beki wa karibu alikuwa umbali gani.

Kisha andika kila badiliko la mchezaji na dakika yake. Mwisho, kwa kila mchezaji wa kikosi, jumlisha dakika alizocheza klabuni katika siku 90 zilizopita. Kazi hii ina maumivu, lakini bila karatasi hizi kila kinachofuata ni maneno ya kijiweni.

Dalili: tumefungwa nyingi, kwa hiyo ulinzi ni mbovu

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, na Morocco ni kipimo kizuri kwa sababu Stars imekutana nayo mara nyingi ndani ya muda mfupi. Novemba 2023, Dar es Salaam, kufuzu Kombe la Dunia: 0-2. Januari 2024, AFCON ya Ivory Coast: 0-3. Machi 2025, Oujda, kufuzu tena: 0-2. Agosti 2025, robo fainali ya CHAN katika Uwanja wa Benjamin Mkapa: 0-1. Januari 2026, hatua ya 16 bora ya AFCON: 0-1.

Ukiisoma orodha hiyo haraka utasema ulinzi ulikuwa mbovu mwaka 2024 na umepona 2026. Sasa rudi kwenye kipengele cha 3 cha karatasi yako. Katika ile 0-3, Novatus Miroshi alitolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 70. Hadi hapo ilikuwa 0-1. Mabao ya Azzedine Ounahi dakika ya 77 na Youssef En-Nesyri dakika ya 80 yaliingia dhidi ya watu 10. Kwa hiyo, wachezaji 11 kwa 11, tofauti ya Januari 2024 na ya Januari 2026 ni ileile: bao moja. Ulinzi wa 2024 haukuwa mbovu kama ubao wa matokeo ulivyoonyesha.

Halafu isome orodha ileile kwa safu ya mabao ya Stars: sufuri mara tano. Hapo ndipo penye ugonjwa. Mechi ya CHAN ipunguzie uzito, kwani kule pande zote mbili hutumia wachezaji wa ligi za ndani tu. Hata ukiifuta kabisa, zinabaki mechi nne bila bao.

Utaratibu ni huu: kabla ya kuhukumu ulinzi, gawa mabao ya kufungwa katika makundi matatu. Yaliyoingia 11 kwa 11 mchezo ukiwa sare, yaliyoingia tukiwa nyuma na tumefunguka kutafuta bao, na yaliyoingia tukiwa pungufu. Kundi la kwanza pekee ndilo linalozungumzia ubora wa ukuta. La pili linahusu namna timu inavyosukuma watu mbele. La tatu linahusu nidhamu, na dawa yake ni kuangalia nani anakusanya kadi na kwa kosa la aina gani. Kiungo mkabaji anayepata kadi kwa kuchelewa kufika kwenye mpira ana tatizo la kusimama mahali pasipofaa, hata kama hasira zake ni za kawaida kabisa.

Dalili: mabao hayaji

Katika AFCON tatu za karibuni, yaani 2019, ya Januari 2024 na ya Morocco, Stars imecheza mechi 10 na kufunga mabao 6. Matatu kati ya hayo ni ya Simon Msuva, moja kwa kila mashindano, na la mwisho lilikuwa penalti. Mbwana Samatta ana moja, Charles M'Mombwa moja, Feisal Salum moja. Hadi katikati ya 2027 Msuva atakuwa na miaka 33 na Samatta 34. Timu ambayo nusu ya mabao yake yanatoka kwa mtu mmoja wa umri huo inabidi ichunguzwe kwa makini kuliko kitu kingine chochote.

Vyanzo vinavyowezekana ni vitatu, na kila kimoja kina tiba tofauti kabisa:

Mpira haufiki. Hesabu mara ngapi timu inaingia theluthi ya mwisho ya uwanja ikiwa inaumiliki mpira, kisha mara ngapi mchezaji wa Stars anagusa mpira ndani ya kumi na nane, yaani boksi la penalti. Kama ya kwanza ni 40 na ya pili ni 8, mpira unafia pembeni: winga anapiga krosi akiwa amebanwa, au beki wa pembeni hapandi kumpa msaada. Mshambuliaji hana kosa hapo, na kumbadilisha hakutaleta kitu.

Mpira unafika lakini boksi ni tupu. Simamisha video wakati krosi inapigwa na uhesabu jezi za Stars ndani ya kumi na nane. Ukiona moja au mbili mara kwa mara, tatizo ni viungo wasiofika. Hili hurekebishika kambini: chagua kiungo mmoja wa kuingia eneo la penalti na winga wa upande wa pili wa kuingia nguzo ya mbali, rudia zoezi hilo kila siku kwa dakika 20.

Nafasi zipo, hazimaliziwi. Kwa wastani wa soka la kimataifa, mashuti 10 huzaa bao moja hivi, shuti la nje ya boksi huingia mara chache sana, na penalti huingia takriban robo tatu. Ikiwa timu imepiga mashuti 30 ndani ya boksi katika mechi tatu na haina bao, mmaliziaji ndiye wa kuulizwa, ingawa bahati nayo inaweza kuwa imekataa. Ikiwa imepiga 7, usimlaumu mmaliziaji.

Kuna chanzo cha nne kilicho nje ya kambi, nacho ndicho kizito. Angalia wafungaji bora wa Ligi Kuu Bara. Msimu wa 2021/22 alikuwa Mtanzania, George Mpole wa Geita Gold. Baada yake wakaja Fiston Mayele na Saido Ntibazonkiza, walioungana kwa mabao 17, kisha Stephane Aziz Ki kwa 21, kisha Jean Charles Ahoua kwa 16. Wote wanne ni wageni. Klabu kubwa zimewapa wageni kazi ya kufunga, na mzawa anajifunza kuwa msaidizi: anakimbia, anakaba, anatoa pasi ya mwisho. Akija Stars anaombwa afanye kazi ambayo wiki nzima hafanyi. Clement Mzize, aliyefunga mabao mawili dhidi ya Madagascar kwenye CHAN, alionyesha kwamba kipaji kipo. Kwa hiyo unapopima mshambuliaji mzawa, usiishie kwenye mabao yake ya klabu. Jumlisha dakika alizocheza kama mshambuliaji wa kati hasa. Dakika za winga na za kuingia dakika ya 85 ziweke kando. Mwenye dakika 300 za namba tisa ndani ya siku 90 ana miguu na macho ya kazi hiyo. Mwenye 60 utampeleka kwenye mashindano kwa imani tu.

Dalili: tunaongoza, halafu tunarudishwa

Mifano iko wazi. Cairo, Juni 2019, dhidi ya Kenya: Msuva alifunga dakika ya 6, Michael Olunga akasawazisha ya 39, Samatta akairudisha Stars mbele dakika ya 40, kisha Johanna Omolo wa 62 na Olunga tena wa 80. Ikaisha 3-2 kwa Harambee Stars. San Pedro, Januari 2024, dhidi ya Zambia: Msuva dakika ya 11, Zambia wakabaki 10 baada ya Roderick Kabwe kutolewa dakika ya 44, na bado Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Kule Morocco dhidi ya Uganda: penalti ya Msuva dakika ya 59, Uche Ikpeazu akasawazisha ya 80, na Uganda wakakosa penalti dakika za nyongeza.

Jibu la haraka ni "pumzi imekata". Linaweza kuwa kweli, lakini mechi ya Zambia inalitilia shaka, kwani timu yenye mtu mmoja zaidi kipindi kizima cha pili haipaswi kuwa ndiyo inayokimbia zaidi. Kipimo ni hiki. Simamisha video dakika za 15, 30, 50, 65 na 80, kila mara mpinzani akiwa na mpira karibu na mduara wa kati. Kadiria mstari wa mabeki wa Stars uko mita ngapi kutoka mstari wa kumi na nane. Tumia alama za uwanja: boksi lina kina cha mita 16.5, mduara wa kati una nusu kipenyo cha mita 9.15. Fanya hivyo kwa mechi tano na utaona moja ya sura hizi:

Mstari unashuka ghafla ndani ya dakika tano baada ya Stars kufunga, hata kama ni dakika ya 12. Huo ni woga wa kulinda bao, au ni agizo la benchi. Pumzi haihusiki. Dawa ni kupanga kabla ya mechi ni nani anapaza sauti ya kupandisha mstari, kwa kawaida kipa au beki wa kati mmoja, na kufanya zoezi la kucheza ukiwa mbele kwa bao moja, dakika 15 kwa 15, na marufuku ya mstari kuingia boksi mpira ukiwa bado katikati.

Mstari unashuka polepole kuanzia dakika ya 60, na unashuka hata tukiwa nyuma au sare. Hiyo ni miguu. Mabao ya Morocco kwenye CHAN na AFCON, la Oussama Lamlioui dakika ya 65 na la Brahim Diaz dakika ya 64, yote yaliingia mchezo ukiwa sare ya 0-0, kwa hiyo chunguza kwanza dakika za mabadiliko ya Stars katika mechi za namna hiyo. Kanuni inaruhusu wachezaji watano katika vipindi vitatu vya kusimamisha mchezo, pamoja na mapumziko. Kama badiliko la kwanza la kiungo huja baada ya dakika ya 70, benchi linachelewa. Lilete kati ya 55 na 60, kabla shimo halijafunguka.

Mstari unashuka pale tu mshambuliaji wa mbele anapokuwa peke yake au ametolewa. Hapa kila mpira unaobutuliwa unarudi ndani ya sekunde tano. Hesabu: katika mipira 10 ya kuondoa hatari, mingapi inabaki mikononi mwa Stars au kupata faulo? Chini ya mitatu, hakuna ukuta utakaovumilia nusu saa. Tiba iko mbele: mchezaji wa akiba mwenye nguvu ya kushika mpira au mbio za kuwatia hofu mabeki. Kuongeza beki wa tano hapa huzidisha ugonjwa, kwa sababu kunaondoa mtu wa mwisho wa kupokea mpira.

Kwa mechi ya Zambia ningeanza na sura ya kwanza na ya tatu kabla ya kuzungumzia mazoezi ya viungo.

Dada yake dalili hii ni kufungwa mara baada ya kufunga. Dhidi ya Nigeria, M'Mombwa alisawazisha dakika ya 50 na Ademola Lookman akajibu ya 52. Tukio moja halitoshi kuwa ugonjwa. Likijirudia mara tatu katika mechi 10, angalia mpira unaofuata baada ya kuanza upya: nani anakaba wa kwanza, na kama mabeki wa pembeni wamesharudi kwenye nafasi zao baada ya kushangilia.

Dalili: mipira ya kutengwa inatuumiza

Bao la kwanza la Morocco mwaka 2024 lilianza na faulo ya Hakim Ziyech. Aishi Manula akaipangua, Romain Saiss akawahi mpira uliorudi. Wengi walimtazama kipa. Lakini swali la kwanza ni nani alipaswa kuwa kwenye mpira wa pili.

Kusanya kona na faulo 20 ulizopigiwa, yaani mechi nne au tano hivi. Kwa kila moja andika ilitua wapi (nguzo ya karibu, katikati, nguzo ya mbali), nani aliugusa kwanza, na nani aliupata ulipoanguka. Ukipoteza mguso wa kwanza zaidi ya nusu, tatizo ni mpangilio wa kukaba au kimo cha waliochaguliwa. Ukishinda mguso wa kwanza lakini ukapoteza wa pili, tatizo ni mtu anayekosekana ukingoni mwa boksi na kasi ya kutoka. Hilo la pili linatibika kwa kipindi kimoja cha mazoezi, na pengine ndiyo tiba rahisi kuliko zote katika ukurasa huu. Usitarajie miujiza upande wa kushambulia: kati ya kona 100, mabao huwa matatu au manne tu. Lakini kwa timu yenye mabao 6 katika mechi 10, moja la kona ni utajiri.

Dalili: kipa anasitasita

Angalia dakika zake kabla ya kuangalia mikono. Msimu wa 2024/25 lango la Yanga lilikuwa la Djigui Diarra wa Mali na la Simba la Moussa Camara wa Guinea. Mzawa aliye nyuma yao anafanya mazoezi mazuri, ila hachezi mbele ya presha. Kusitasita kutoka kwenye krosi ni tatizo la kukosa mechi. Kuanguka vibaya au kushika vibaya ni tatizo la ufundi. La kwanza linapungua kwa kumpa mechi zote za maandalizi bila kumzungusha na wenzake. La pili halitatibika ndani ya wiki mbili, chagua kipa mwingine.

Dalili: tulicheza vizuri jijini, tukafifia ugenini

Kwa 2027 hili lina sura yake. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kampala takriban 1,200, Dar es Salaam iko pwani yenye unyevu. Linganisha mbio za dakika 20 za mwisho kwa kila mji, kama klabu au shirikisho lina vifaa vya kupima mwendo. Kama havipo, hesabu mara ngapi winga anarudi kumsaidia beki wake baada ya dakika ya 70. Ikishuka Nairobi peke yake, ni mwinuko. Ikishuka kila mahali, ni mazoezi ya msingi au wingi wa mechi za klabu, hasa kwa wachezaji wa Simba na Yanga wanaounganisha ligi na mashindano ya CAF.

Kuhakiki nguvu

Nguvu nayo ipimwe kwa ukali uleule. Kwenye CHAN ya 2025 Stars iliongoza kundi: 2-0 dhidi ya Burkina Faso, 1-0 Mauritania, 2-1 Madagascar, 0-0 Jamhuri ya Afrika ya Kati. Bao moja la kufungwa katika mechi nne, nyumbani, dhidi ya wachezaji wa ligi za ndani. Ni ushahidi wa mpangilio mzuri, lakini hauwezi kusimama peke yake. Uweke pembeni ya 0-0 dhidi ya DR Congo mwaka 2024 na 1-1 dhidi ya Tunisia kule Morocco, ambako Feisal alisawazisha, ndipo unaweza kusema kwa uhakika kwamba timu hii inajua kuzuia. Kiongeze pia kipimo cha kocha: AFCON ya 2024 ilianza na Adel Amrouche na kuishia kwa Hemed Suleiman, na ya Morocco ilichezwa chini ya Miguel Gamondi. Takwimu za ulinzi zilizodumu chini ya makocha watatu ni za wachezaji wenyewe, na hizo ndizo za kuaminiwa.

Kuhusu mabao, kumbuka hesabu ya makundi. Mwaka 2024 pointi 2 ziliiweka Stars mkiani kwa mabao 1 ya kufunga na 4 ya kufungwa. Kule Morocco pointi zilezile 2 ziliivusha, kwa sababu Stars ilikuwa na mabao 3 ya kufunga na Angola, iliyolingana nayo kwa pointi na tofauti ya mabao, ilikuwa na 2. Bao moja la kusawazisha dhidi ya Nigeria, katika mechi tuliyofungwa, lilikuwa na thamani ya hatua nzima.

Kwa hiyo, mechi za kirafiki zilizobaki zipangwe kwa ajili ya kuhakiki chanzo. Tafuta mpinzani anayejilinda chini, ili mashuti ndani ya boksi yahesabike. Tafuta mwingine wa kasi, na mechi hiyo ichezwe Nairobi au Kampala. Mkubaliane mabadiliko yasizidi matano, kwani mechi yenye sub nane haipimi chochote baada ya dakika ya 60. Na namba tisa utakayemwanzisha kwenye mashindano acheze dakika zote 90 katika angalau mbili kati ya hizo.